Ushirika wa Waunda Programu: Kura Ni Sawa, Sauti Je?

Kazi yangu ni kuwasaidia wahandisi wa programu wanaotaka kumiliki kampuni yao wenyewe kuandika masharti ya ushirika. Karibu kila kundi huja na swali la kura, na mimi huwaambia kura ndiyo sehemu nyepesi. Kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja imo katika tamko la Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika la mwaka 1995, inakili, endelea. Shughuli ipo kwa watu.

Ushirika wa kiwanda una mashine, na mwanachama akiondoka mashine inabaki. Katika ushirika wa programu mtaji mkubwa umo vichwani mwa watu. Kwa hiyo mimi humtafuta kwanza yule asiye na cheo chochote lakini anajua nywila za seva, ndiye anayepigiwa simu na mteja mkubwa, na anauelewa msimbo wa zamani ambao wengine hawataki hata kuugusa. Kura yake ni moja kama ya wenzake, ila akikohoa mkutanoni wote wananyamaza. Hakuna sharti litakalomwondolea nguvu hiyo. Kinachosaidia ni kazi ya kuchosha: kila mteja ajulikane na watu wawili, kila mfumo uandikiwe maelezo, na zamu ya kutuma ankara na kufuatilia madeni izunguke. Zamu ya ankara huchukiwa sana, hadi siku mishahara inapomsubiri mteja aliyechelewa kulipa.

Kundi la pili ninaloliangalia ni wageni. Igalia, kampuni ya programu inayomilikiwa na wafanyakazi wake, iliyoanzishwa mwaka 2001 huko A Coruña, Hispania, ni mfano ninaoutaja mara kwa mara. Huenda umetumia kazi yao bila kujua: mpangilio wa gridi wa CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa kurasa za wavuti, ulipoingia mwaka 2017 kwenye Chromium na WebKit, injini za vivinjari kama Chrome na Safari, wao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa fedha za Bloomberg, kampuni ya habari za kifedha. Lakini kinachonivutia zaidi ni mlango wao. Mtu huanza kama mfanyakazi, kisha huingia katika mkutano wa maamuzi, na baadaye huwa mmiliki. Ukimpa mgeni umiliki siku ya kwanza, unawafunga pamoja watu ambao bado hawajafahamiana. Ukimwacha kwenye mkataba miaka nenda miaka rudi, umeshaunda tabaka mbili, na hapo jina la ushirika ni rangi ya ukutani tu. Nikitaka kujua hali ya ushirika, huuliza wangapi wanafanya kazi humo bila kura, na tangu lini.

Ukuaji ndio unaoyatikisa yote haya. Motion Twin, studio ya michezo ya kompyuta ya Bordeaux, Ufaransa, ilijulikana kwa kulipana sawa na kuamua pamoja. Mchezo wao Dead Cells ulipotoka rasmi mwaka 2018 na kupendwa mno, kuuendeleza kulihitaji mikono mingi. Hawakuupanua ushirika wao. Kazi ya kuuendeleza ilikabidhiwa kampuni mpya, Evil Empire, iliyoanzishwa na watu waliotoka humohumo. Wapo wanaoona huko ni kukimbia tatizo. Mimi naona walijijua: watu kumi wanaweza kubishana hadi wakubaliane, sitini hawawezi bila kuchagua wawakilishi, na kuchagua wawakilishi ni kuwa ushirika wa namna nyingine.

(Programu ya Loomio ya New Zealand, ya kujadili na kuamua kwa maandishi, ilitengenezwa na ushirika wa wafanyakazi wenyewe. Hainishangazi. Hakuna anayezijua kero za mikutano mirefu kuliko wao.)

Halafu kuna anayeondoka. Hisa zake zirudishwe, lakini kwa awamu, la sivyo watatu wakiaga mwezi mmoja akaunti inakauka na waliobaki wanalipia kuondoka kwa wenzao. Mteja akitaka kumfuata, makundi hutofautiana: baadhi huruhusu mkataba uliopo ukiisha, wengine hudai sehemu ya malipo kwa kipindi fulani. Sina upande hapo. Ninachosisitiza ni kwamba sharti hilo liandikwe mwanzoni kabisa, wakati wote bado wanataniana.