Kondoo mwenye kengele si kiongozi

Kila Marekani inapokaribia kumchagua rais, naletewa kuhariri habari ileile: "jimbo linaloyaongoza mengine." Kiingereza chake ni bellwether, na nimechoka kufuta. Hakuna jimbo linaloongoza jingine. Mpiga kura wa Texas hasubiri Ohio waamue.

Twende zizini. Bell ni kengele, na wether ni kondoo dume aliyehasiwa. Mchungaji humvalisha kengele, kundi humfuata, na hata likipotelea nyuma ya kilima, mchungaji anasikia limeelekea wapi. Kwa hiyo kengele ile ni ya mchungaji, ndiye anayeitegea sikio. Wanaoandika bellweather wakidhani ni mambo ya hali ya hewa, hilo ni kosa la tahajia, tulipite.

Chukua Missouri. Kuanzia 1904 hadi 2004 ilimpigia mshindi katika kila uchaguzi wa rais, isipokuwa 1956 ilipomchagua Adlai Stevenson na Eisenhower akarudi Ikulu. Mwaka 2008 ikampa John McCain kwa tofauti isiyofika kura 4,000; nchi ikamchukua Obama. Kama ilikuwa kiongozi, wafuasi wake walikwenda wapi siku ile? Missouri ilifanana na nchi nzima, basi, na ilipoacha kufanana nayo, sifa ikaisha.

Wala usiichanganye na jimbo la ushindani. Pennsylvania wagombea huimwagia fedha kwa sababu inaweza kuangukia kokote. Bellwether hupewa jina kwa rekodi yake. Ohio ilikuwa yote mawili: ilipatia kila mara toka 1964 hadi 2016, ikakosea 2020.

Na hiyo rekodi yenyewe naitilia shaka. Sifa hiyo hupewa hata kaunti, yaani vigawanyo vya majimbo, na Marekani inazo zaidi ya 3,000. Katika wingi huo hazikosekani chache za kubahatisha mfululizo. Vigo, kule Indiana, ilipatia toka 1956 hadi 2016, kisha 2020 ikakosa. Wenzangu wanaiita dalili. Mimi naona bahati ina fungu kubwa.

Penye ugumu wa kweli ni kurasa za biashara. Mapato ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, husomwa kama dalili ya uchumi, maana vifurushi vikipungua, biashara imepungua. Lakini yakitoka mabaya, hisa za kampuni nyingine nazo huweza kushuka siku hiyohiyo. Hapo dalili na mvuto vimeshikana, na "inayoongoza" siifuti haraka. Kwenye uchaguzi naandika "jimbo linaloashiria mshindi", na mwandishi akibisha namrudishia 2008.