Kinaponajisiwa kitakatifu: sheria huuliza nini kabla ya adhabu

Kila inaposambaa video ya mtu anayechana msahafu, anayevunja msalaba au anayechoma bendera, wanafunzi wangu wa sheria ya jinai huniuliza swali lilelile: huyu atafungwa miaka mingapi? Swali ni halali, ila huja mapema mno. Kabla ya adhabu kuna mambo mawili ambayo hasira huyaruka, nayo ni nia ya aliyetenda, na nani hasa anapaswa kubeba lawama ya tendo lile. Jibu lolote linaloyaruka hayo mawili, liwe la mahakama au la waumini, huishia kwa watu wasiohusika, na mara nyingi hunajisi kitakatifu cha wengine.

Mfano ninaoutumia darasani ni wa Mbagala, Dar es Salaam, Oktoba 2012. Watoto wawili walibishana kuhusu msahafu, mmoja akidai kwamba anayeukojolea hugeuka umbo, na mwenzake wa Kikristo akaukojolea. Habari zilipoenea, mtoto yule akawa mikononi mwa polisi. Siku ya Ijumaa umati ulikusanyika kutaka ukabidhiwe mtoto huyo, polisi wakakataa na kuutawanya kwa mabomu ya machozi, na sehemu ya umati ule ikageukia makanisa ya eneo hilo. Makanisa kadhaa yalivunjwa na mengine kuchomwa moto. Watu wengi walikamatwa, na Rais Jakaya Kikwete alifika mwenyewe Mbagala kutuliza hali. Waumini wa makanisa yale hawakuwapo kwenye ubishi ule, hawakuusikia, wala hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba waliuchochea.

Sasa tusome sheria iliyovunjwa. Kifungu cha 125 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamtia hatiani mtu anayeharibu au kunajisi mahali pa ibada, au kitu chochote kinachohesabiwa kitakatifu na kundi la watu, akiwa na nia ya kuitukana dini ya kundi hilo, au akijua kwamba kundi hilo huenda likaliona tendo lake kuwa ni tusi kwa dini yao. Ninawataka wanafunzi wakisome tena polepole, kwa kuwa ndani ya kifungu hicho kimoja msahafu na kanisa vimewekwa bega kwa bega. Yule aliyekwenda kulipiza kisasi cha msahafu kwa kubomoa madhabahu alivunja kifungu kilekile alichodai kukitetea, na yeye, tofauti na mtoto, hawezi kusema hakujua alichokuwa akikifanya. Kwa walioshika kiberiti mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu kosa la kuchoma jengo chini ya kifungu cha 319 linaweza kumpeleka mtu kifungo cha maisha.

Upande wa mtoto sheria huenda kwa tahadhari kubwa. Aliye chini ya umri wa miaka 10 hawezi kuwa na hatia ya jinai kabisa. Aliye chini ya miaka 12 hana hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba alikuwa na uwezo wa kutambua kuwa kitendo chake hakifai. Hata aliyevuka umri huo, akiwa bado mtoto, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda asihukumiwe kifungo cha gerezani. Wapo walioniambia kwamba hiyo ni kuilea kashfa. Sikubaliani nao. Mtoto anayejaribu kama kweli atageuka umbo anaonyesha kwamba ameshughulishwa na uvumi wa wenzake, na nia ya kuitukana dini ya watu haithibitiki kwa ubishi wa namna hiyo peke yake.

Uzito wa nia haukuletwa na sheria za kikoloni pekee. Waislamu wa pwani hawahitaji kufundishwa na mwanasheria kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, kwa kuwa Hadithi hiyo hufunzwa tangu madrasa. Tazama jambo lenyewe la kuchoma. Kurasa za msahafu uliochakaa huzikwa mahali pasipokanyagwa au huchomwa kwa adabu, na historia inasimulia kwamba Khalifa Uthman aliamuru nakala zilizotofautiana zichomwe ili umma ubaki na msahafu mmoja. Moto ni uleule anaoutumia mkashifu aliyechoma msahafu mjini Stockholm, Uswidi, na jivu ni lilelile. Kinachotenganisha heshima na kufuru hapo ni kusudio la aliyewasha.

Tena iko Hadithi, katika Bukhari na Muslim, ambayo naona ingepaswa kusomwa Mbagala Ijumaa ile. Bedui aliingia katika msikiti wa Mtume na kukojoa ndani yake. Masahaba waliinuka kumkabili. Mtume akawazuia, akaagiza pamwagiwe ndoo ya maji mahali pale, na akawaambia kwamba wametumwa kurahisisha mambo, hawakutumwa kuyatia uzito. Najisi iliondolewa, mtu akafundishwa, hakuna aliyepigwa. Sijui mfano ulio karibu zaidi na kisa chetu kuliko huo.

Alama za taifa zina hesabu tofauti kidogo, na hapa ndipo ninapowataka wasomaji wawe waangalifu. Kitakatifu cha dini ni mali ya waumini, ambao mara nyingi hawana dola mkononi. Bendera na nembo ni mali ya wananchi wote, lakini anayezisimamia ni serikali, na serikali ina polisi, ina magereza, na ina kishawishi cha kuchukulia ukosoaji wa watawala kuwa ni tusi kwa nchi. Mwaka 2024 mahakama moja wilayani Rungwe ilimhukumu kijana mchoraji kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi milioni 5 baada ya video iliyomwonyesha akichoma picha ya Rais. Hatia yenyewe ilitokana na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na wanasheria kadhaa walihoji hadharani ni sheria gani inayokataza kuchoma picha. Kitendo hicho sikipendi. Hata hivyo picha ya kiongozi haimo kwenye kundi moja na bendera, na kuyachanganya hayo mawili kunaipunguzia bendera heshima yake.

Marekani ilifika mbali zaidi. Mwaka 1984, mjini Dallas, Gregory Lee Johnson alichoma bendera ya nchi yake katika maandamano, akahukumiwa mwaka 1 jela na faini ya dola 2,000. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliunga mkono kufutwa kwa hatia yake kwa kura 5 dhidi ya 4, ikiona kwamba tendo lake lilikuwa namna ya kutoa maoni. Sishawishiki kwamba uamuzi huo unaweza kuhamishiwa kwetu mzimamzima. Ila ndani ya hukumu imetajwa habari ya shahidi mmoja ambaye, waandamanaji walipotawanyika, aliyakusanya mabaki ya bendera ile na kwenda kuyazika nyuma ya nyumba yake. Jaji Brennan, aliyeandika hukumu hiyo, alisema hakuna jibu linalomfaa mchoma bendera kuliko kuipungia bendera ya kwako mwenyewe, na akalitaja na hilo la kuzika mabaki yake kwa heshima.

Hali ni ngumu zaidi pale mkashifu anapotaka hasira yenyewe. Huyo hafanani hata kidogo na mtoto wa Mbagala. Msahafu ulipochomwa nje ya msikiti wa Stockholm tarehe 28 Juni 2023, siku ya Idd el-Hajj, siku na mahali vilichaguliwa makusudi ili waumini waumie. Mwezi uliofuata ubalozi wa Uswidi mjini Baghdad ulivamiwa na kutiwa moto. Denmark, iliyokuwa na matukio kama hayo, ilipitisha sheria Desemba 2023 ya kukataza kuyadhalilisha hadharani maandiko ya dini zinazotambuliwa, yenye adhabu ya hadi miaka 2. Ninaiunga mkono sheria ya aina hiyo, mradi iguse kitu na tendo, isifungie mjadala wa kielimu kuhusu dini.

Kwa walioniuliza wafanye nini na video wanazopokea: usiisambaze, hata kwa maneno ya kulaani, kwa sababu kila anayeituma anamfikishia mkashifu hadhira aliyoitafuta. Andika ulipoipata, tarehe na akaunti iliyoiweka, uipeleke polisi pamoja na kiongozi wa msikiti au kanisa lako, na umwombe kiongozi huyo awapigie simu viongozi wa dini nyingine wa mtaa siku hiyohiyo, kabla ya swala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili.