Serotonini ya tumbo haipandi kichwani

Dada huyu ni mgonjwa wa nne wa namna hii mwezi huu. Ameketi mbele yangu, akatoa mkobani chupa ya unga wa kijani aliouziwa ndani ya matatu, akaniarifu kwamba ameacha dawa za sonona wiki tatu sasa. "Daktari, si serotonini, ile kemikali ya furaha, inatengenezwa tumboni? Basi nasafisha tumbo."

Inatengenezwa tumboni, ndiyo, karibu asilimia 90. Na nyingi inabaki huko huko! Huko inasaidia kusukuma chakula. Haivuki kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo. Ubongo hujitengenezea yake. Ni kama tangi la jirani: mko ploti moja, lake limejaa, lakini hakuna bomba la kuja kwako.

Sisemi tumbo na ubongo havijuani. Neva ya vagasi, mshipa wa fahamu unaounganisha ubongo na tumbo, hupeleka habari nyingi juu kuliko amri inazoshusha. Vitamini B12 isipofyonzwa, miguu hufa ganzi na kumbukumbu hupotea. Hayo tuyaache.

Anayetaka kuona bakteria wa utumbo wakivuruga akili aje wodini. Mzee ana sirosisi, yaani ini limejaa makovu, siku nne hajapata choo. Juzi alikuwa akihesabu pesa za duka. Leo analala mchana, usiku yuko macho, naye anamwita mkewe kwa jina la mamake. Nyumbani wanasema amerogwa. "Mzee, nyoosha mikono, kama unasimamisha matatu." Viganja vinaanguka, vinainuka, vinaanguka tena. Bakteria wa utumbo wametengeneza amonia, ambayo ni sumu kwa ubongo, ini limeshindwa kuiondoa, imefika kichwani. Tunampa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, tamu kama sharubati, mpaka aende choo laini mara mbili tatu kwa siku. Hali ikimrudia, tunaongeza rifaksimini, antibiotiki ya kupunguza bakteria hao. Siku ya tatu anauliza ni nani amefungua duka.

Na hata hapo hesabu haikai sawa. Kipimo cha amonia hakilingani vizuri na kuchanganyikiwa kwa mgonjwa. Yupo mwenye kiwango cha juu anayekusalimia kwa jina. Ikija kwa sonona ndiyo kabisa: bakteria wa wagonjwa hutofautiana na wa wengine, lakini mwenye sonona pia hula tofauti, hulala ovyo, humeza dawa. Kipi kilitangulia? Wataalamu bado tunavutana.

Dada nimemrudisha leo leo kwa aliyemwandikia dawa, kwani haziachwi ghafla hivyo. Chupa ameniachia. Nimesoma lebo: sanamaki, majani ya kuharisha. Nyanyangu alitunywesha hiyo bure kila Desemba, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyetoka chooni akitabasamu.