Je, wajua kwa nini Real Madrid na Barcelona zilikuwa na kiwango cha kodi cha chini kuliko wapinzani wao?

Kwa zaidi ya miaka 20, klabu nne za Hispania, yaani Real Madrid, Barcelona, Athletic Bilbao na Osasuna, zilitozwa kodi ya mapato kwa kiwango cha chini kuliko wapinzani wao wa ligi. Hakukuwa na siri yoyote. Jambo lenyewe lilitokana na sheria iliyotungwa kuokoa soka lililokuwa limezama kwenye madeni.

Sheria ya Michezo ya 1990 iliziamuru klabu za kulipwa zigeuke kampuni za hisa, ili pawepo wamiliki wanaowajibika hasara inapotokea. Walioachwa nje ni wale tu ambao hesabu zao za misimu iliyotangulia zilionyesha mizania chanya, yaani mali kuzidi madeni. Ni klabu hizo nne zilizonufaika na nafasi hiyo, zikabaki mali ya wanachama, mfumo ambao mashabiki wa Simba na Yanga wanaufahamu vizuri. Kisheria zikahesabiwa kuwa taasisi zisizolenga faida, na taasisi za aina hiyo zilitozwa asilimia 25. Atlético Madrid, Sevilla, Valencia na wenzao, wakiwa sasa kampuni, walitozwa kiwango cha kawaida: asilimia 35 hadi 2006, 32.5 mwaka 2007, kisha 30 kuanzia 2008.

Chukua faida ya euro milioni 10 kwa viwango vya 2008. Kampuni inalipa milioni 3, klabu ya wanachama milioni 2.5. Laki tano zinabaki klabuni kila mwaka wa namna hiyo, na kwenye soka fedha hizo ni mshahara wa mchezaji.

Hapo ndipo wengi huishia, lakini hesabu ina upande wa pili. Sheria ya kodi ya Hispania ilikuwa na punguzo kwa faida itokanayo na kuuza rasilimali, endapo fedha zingewekezwa tena. Kwa klabu, rasilimali hiyo mara nyingi ni mchezaji. Kampuni zilipunguziwa hadi asilimia 12, klabu za wanachama asilimia 7 tu. Sasa tuseme milioni 10 zote ni faida ya kuuza mchezaji, nazo zimewekezwa tena. Kampuni: milioni 3 kutoa milioni 1.2, inabaki milioni 1.8. Klabu ya wanachama: milioni 2.5 kutoa laki saba, inabaki milioni 1.8 ileile. Upendeleo umeyeyuka.

Malalamiko yaliifikia Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya, mwaka 2009, uchunguzi rasmi ukafunguliwa Desemba 2013. Kipimo chake cha msaada wa serikali ni kimoja kwa soka na kwa viwanda: je, fedha ni za umma, zinampa mmoja nafuu wasiyoipata wengine, zinavuruga ushindani, na zinagusa biashara kati ya nchi wanachama? Masharti yote manne yakitimia, msaada ambao Tume haijauidhinisha hurudishwa pamoja na riba. Tarehe 4 Julai 2016 Tume iliamua kwamba klabu hizo nne zirejeshe nafuu ya kodi waliyoipata. Ilikadiria kuwa kila klabu ingedaiwa kati ya sifuri na euro milioni 5, kwa hiyo mamlaka za kodi zilipaswa kukokotoa upya mwaka mmoja mmoja.

Barcelona ilikata rufaa na kushinda Februari 2019 katika mahakama ya chini ya Umoja wa Ulaya, kwa sababu Tume haikuwa imelipima lile punguzo la asilimia 7 dhidi ya 12. Machi 2021 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaupindua ushindi huo. Ilisema mpango wa msaada hupimwa kwa namna ulivyo siku unapoanzishwa, na siku hiyo hakuna anayeweza kujua ni mwaka gani klabu itauza mchezaji kwa faida. Kiasi halisi kilichonufaisha kila klabu ni suala la hatua ya kurejesha fedha. Kwa maoni yetu mahakama ilikuwa sahihi: bila kanuni hiyo, nchi yoyote ingetunga sheria ya upendeleo, kisha isubiri miaka mibaya ya klabu iitumie kama utetezi.

Kesi nyingine za Tume dhidi ya misaada kwa klabu za Hispania, za ardhi na dhamana, zilikwenda tofauti kabisa. Halmashauri ya Madrid iliahidi mwaka 1998 kuipa Real Madrid kipande cha ardhi cha Las Tablas kilichothaminiwa euro 595,194. Baadaye ikabainika kwamba kisheria umiliki wake hauwezi kuhamishwa, na mwaka 2011 fidia ikapangwa kuwa euro milioni 22.7. Tume ilisema fidia hiyo imezidi kwa milioni 18.4. Mei 2019 mahakama ileile ya chini ilifuta uamuzi huo kwa kuwa Tume haikuthibitisha ipasavyo kwamba klabu ilipata nafuu. Dhamana ya mkopo wa euro milioni 75 iliyotolewa mwaka 2009 na taasisi ya fedha ya jimbo kwa ajili ya ununuzi wa hisa za Valencia nayo iliishia hivyohivyo: amri ya kurejesha milioni 20.4 ilifutwa Machi 2020, na rufaa ya Tume ikagonga mwamba Novemba 2022. Kosa la Tume lilikuwa kutotafuta vya kutosha bei ya soko ya mikopo inayofanana.

Linganisha na PSV ya Uholanzi. Mwaka 2011 jiji la Eindhoven liliinunua ardhi ya uwanja wa klabu hiyo kwa euro milioni 48.4, kisha likaikodisha kwa klabu hiyohiyo. Tume iliipitisha bila tatizo siku ileile ya Julai 2016. Thamani ilikuwa imepimwa na mthamini huru kabla ya mkataba kusainiwa, kodi ya pango ilipangwa kwa masharti ya soko, na ardhi ikabaki mali ya jiji.