Kabla ya Kulipia Ekskaveta, Ulizia Vipimo Vyake

Wenyeji wa Tanga wanakumbuka meli kubwa zilivyotia nanga mbali na gati, shehena ikateremshwa kwenye matishari, ndipo ivutwe hadi nchi kavu. Kila mashine iliinuliwa mara mbili, na kila kuinuliwa ni gharama na hatari. Leo bandari imechimbwa hadi kina cha mita 13, gati lina urefu wa mita 450, na meli inafunga gatini yenyewe. Ndiyo maana wakandarasi wa Korogwe, Muheza na Handeni, waliozoea kukodi, sasa wanafika ofisini kwetu kuuliza namna ya kuagiza ekskaveta au greda zao wenyewe. Huja na picha ya mashine na bei yake. Sisi huomba kwanza vipimo: urefu, upana, kimo na uzito.

Wengi hudhani meli hutoza kwa uzito, kwa kuwa chuma ni kizito. Kampuni za meli hulinganisha tani na mita za ujazo, kisha hutoza kwa ile iliyo kubwa zaidi. Chukua ekskaveta ya tani 20, yenye urefu wa mita 9.5, upana wa mita 2.8 na kimo cha mita 3. Zidisha: unapata karibu mita za ujazo 80. Utalipia 80, si 20. Mkono wa mashine uliokunjwa vibaya, ukazidisha urefu kwa mita moja, unaongeza zaidi ya mita nane za ujazo. Unalipia hewa.

Kwa hiyo mwambie muuzaji aipime mashine ikiwa katika hali ileile itakayosafiri nayo, mkono umekunjwa na koleo limevutwa ndani, na akutumie picha zenye futi kamba. Usichukue vipimo vya kitabu cha mtengenezaji peke yake, maana mashine iliyotumika huenda imebadilishwa koleo au kuongezewa kinga ya paa. Kufungua koleo na kuliweka kando mara nyingi kunalipa. Kufungua mkono mzima ni jambo la kupimwa kwa makini: mipira ya haidroliki, ile inayopitisha mafuta ya kuusukuma mkono, inafunguliwa, uchafu unaweza kuingia kwenye mfumo, na huku utahitaji kreni na fundi anayejua kuirudisha. Akiba ya nauli inaweza kuishia hapo. Kumbuka pia kwamba forodha hukokotoa kodi juu ya thamani inayojumuisha nauli ya meli na bima, hivyo nauli ikivimba, na kodi inavimba nayo.

Vipimo hivyo ndivyo vitakavyochagua meli. Mlango wa kontena la kawaida una upana wa takriban mita 2.34, kwa hiyo ekskaveta yetu haipiti. Inaweza kuwekwa juu ya kontena bapa lisilo na kuta za ubavuni wala paa, au ndani ya meli ya shehena mchanganyiko inayopakia kwa kreni, au kwenye meli ya magari ambamo mashine inaingia kwa kuendeshwa. Kwa mashine inayowaka na kutembea vizuri, napendelea hiyo ya mwisho, kwa sababu hakuna kunyanyuliwa. Isiyowaka itatozwa zaidi kwa kuvutwa. Muulize wakala kwa maandishi kama meli itashushia Tanga au Dar es Salaam, kwani tofauti hiyo ni safari nzima ya barabara.

Kuhusu uzito, naomba tusifanye mzaha. Januari 2015 meli ya magari Hoegh Osaka, iliyobeba pia mashine za ujenzi, ilitoka Southampton, ikalala ubavu ilipokuwa ikikata kona, ikakwama kwenye fungu la mchanga. Wachunguzi wa Uingereza walibaini kwamba uthabiti wake haukukokotolewa ipasavyo kabla ya kuondoka, na kwamba uzito wa shehena ulikuwa wa kukadiria badala ya halisi. Anayepunguza tani kwenye karatasi ili alipe kidogo anahatarisha mabaharia, na baadaye anamhatarisha kijana wetu anayesimama chini ya kreni hapa gatini.

Mashine ioshwe kabisa kabla ya kupakiwa, hasa kwenye minyororo na chini ya tumbo. Udongo wa ugenini hubeba mbegu na wadudu, na wakaguzi wana haki ya kuizuia. Magogo ya kuzuilia mashine isisogee nayo yawe yamepashwa joto ili kuua wadudu, na kugongwa mhuri unaotambulika.

Bima ndiyo watu wanayoipunguza kwanza, na hapo ndipo ninaposhindwa kunyamaza. Mchukuzi wa baharini hawajibiki kwa thamani yote ya mzigo wako. Kanuni za kimataifa zinamwekea kikomo, na mzigo ulioandikwa kuwa unasafiri juu ya sitaha unaweza kukosa hata ulinzi huo. Liko pia jambo linaloshangaza wengi: meli ikipata janga na gharama zikatumika kuiokoa, wenye shehena wote huchangia, hata ambao mzigo wao haukuguswa. Mwenye Ever Given, iliyoziba Mfereji wa Suez Machi 2021, alitangaza mchango huo. Asiye na bima hulazimika kuweka dhamana kutoka mfukoni kabla ya kukabidhiwa mzigo. Sheria ya Tanzania inataka bima ya mzigo unaoingia ikatwe kwa kampuni zilizosajiliwa nchini, hivyo omba bei ya mashine na nauli bila bima, kisha uikate hapa, kabla meli haijang'oa nanga.

Mwisho ni barabara. Lobedi, yaani trela la chini la kubebea mashine, pamoja na mzigo wake visizidi tani 56 kwa jumla, na mashine pana kama ile yetu inavuka upana wa kawaida unaoruhusiwa, kwa hiyo inahitaji kibali maalumu cha kusafirishwa. Kiombe meli ikiwa bado baharini. Mashine ikishafika, kila siku inayokaa bandarini ikisubiri karatasi hiyo inaweza kukuongezea tozo ya kuihifadhi. Na kabla hujasaini kuipokea, izunguke, piga picha kila upande, na kila mkwaruzo au mpira uliokatika uandikwe kwenye hati ya makabidhiano mbele ya wakala wa meli.