Jalada la buluu la Auguste D.: yanayosemwa kuhusu Alois Alzheimer na yaliyomo kwenye karatasi zake

Jina la Alois Alzheimer, daktari Mjerumani, tumeshalifanya letu. Kliniki na nyumbani watu husema "alzaima" kama wanavyosema malaria. Daktari mwenyewe hajulikani sana, na habari zake nyingi zinazosambazwa zimetoka kwa watu ambao hawakugusa karatasi zake. Karatasi hizo zipo. Jalada la mgonjwa wake, Auguste Deter, lilipatikana katika nyaraka za hospitali ya Frankfurt tarehe 21 Desemba 1995, na slaidi za ubongo wake, yaani vipande vyembamba vilivyobanwa kwenye vioo, zilipatikana Munich baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Tuyapime kwa karatasi hizo yanayosemwa, moja baada ya jingine.

"Aligundua ugonjwa wa wazee"

Auguste alizaliwa Kassel tarehe 16 Mei 1850 na akalazwa tarehe 25 Novemba 1901. Piga hesabu: miaka 51. Kilichomshtua Alzheimer ni kuona usahaulifu wa kikongwe kwa mwanamke ambaye bado hajafika huko. Hata dalili ya kwanza aliyoieleza mumewe, karani wa reli, haikuwa kusahau. Ilikuwa wivu. Ghafla Auguste alianza kudai kwamba mumewe anatembea na jirani. Kusahau kulikuja baada ya hapo, kisha mapishi yakaanza kuharibika na vitu vikawa vinafichwa. Familia nyingi hupotelea papo hapo: zinasubiri mama asahau majina, ilhali tabia yake imebadilika mwaka mzima.

Kwa miongo kadhaa jina la Alzheimer lilitumika kwa wagonjwa wa umri wa makamo tu. Wazee waliambiwa wana "uzee". Mwaka 1976 daktari Mmarekani Robert Katzman alitoa hoja kwamba ni ugonjwa uleule, na madaktari wakaanza kukubali. Uzee peke yake haumfanyi mtu asilijue jina la mumewe.

"Aliwapima wagonjwa kwa kubahatisha, enzi hizo hazikuwa na vipimo"

Fungua jalada ukurasa wa tarehe 26 Novemba 1901. Mwandiko ni wa Alzheimer mwenyewe, na mahojiano yameandikwa swali kwa swali, jibu kwa jibu. Jina lako? "Auguste." La ukoo? "Auguste." Mume wako anaitwa nani? "Auguste, nadhani." Uko hapa tangu lini? Anafikiri, kisha: "Wiki tatu." Alikuwa amelazwa jana yake.

Kisha daktari anamwonyesha vitu. Penseli anaiita kalamu. Ufunguo, shajara na sigara kubwa anavitaja sawasawa. Muda mfupi baadaye anaulizwa ameonyeshwa nini: hakumbuki hata kimoja. Mchana anakula koliflawa na nyama ya nguruwe, na akiulizwa anakula nini anasema mchicha. Anaambiwa aandike jina lake: anaanza na "Bi.", yaliyobaki yanamtoka, na inabidi atamkiwe neno moja moja. Alzheimer anauita huo usahaulifu wa kuandika.

Angalia mpangilio wake. Kwanza anapima kama mgonjwa anajijua, anajua alipo na ni lini. Halafu kutambua kitu kilichopo mbele ya macho. Halafu kukikumbuka kikishaondolewa. Mwisho kuandika. Kutambua na kukumbuka kumetenganishwa kwa makusudi, kwa kuwa mtu anaweza kuuita ufunguo "ufunguo" na bado usibaki kichwani dakika tatu. Daktari wa leo anayemtajia mgonjwa maneno matatu na kumuuliza tena baada ya dakika chache anafuata mantiki ileile. Kosa la kawaida ni kumsaidia mgonjwa, mwana akijibu kwa niaba ya mama. Majibu ya Auguste yana thamani hadi leo kwa sababu yaliachwa yalivyo, pamoja na lile alilolirudia: "Nimejipoteza."

Tahadhari kwa anayetaka kulisoma jalada: si kila mwandiko humo ni wa Alzheimer. Mwaka 1903 alikuwa ameshahamia Munich, kwa Emil Kraepelin, mkuu wa kliniki ya magonjwa ya akili huko. Auguste alibaki Frankfurt mpaka alipofariki tarehe 8 Aprili 1906, kwa hiyo maandishi ya miaka ya mwisho ni ya madaktari wengine. Ukinukuu bila kutazama tarehe, utamsemesha asichokisema.

"Alikuwa wa kwanza kuona madoa kwenye ubongo"

Hapana. Madoa hayo, yaani mabonge ya uchafu nje ya seli, yalishaelezwa mwaka 1892 na madaktari Blocq na Marinescu huko Paris. Na mwaka 1907, mwaka uleule ambao ripoti ya Alzheimer ilichapishwa, Oskar Fischer wa Prague aliyaeleza kwa wazee 12 kati ya 16 wenye kupoteza akili. Fischer hatajwi sana, na si haki.

Jambo jipya la Alzheimer lilikuwa ndani ya seli. Ubongo wa Auguste ulipelekwa Munich, akatumia mbinu ya Bielschowsky: vipande vyembamba huloweshwa kwenye myeyusho wa chumvi ya fedha, kisha kemikali ya formalini huifanya ile fedha igande juu ya nyuzi laini za seli na kuzigeuza nyeusi. Rangi za kawaida huonyesha umbo la seli, nyuzi hazionekani vizuri. Kwa fedha aliziona nyuzi zimenenepa na kusokotana kama uzi uliofumka, na pengine seli yenyewe imeshatoweka, limebaki fundo tu. Alikadiria kwamba robo hadi theluthi ya seli za gamba la ubongo zilikuwa hivyo.

"Aliuita ugonjwa kwa jina lake, dunia ikamshangilia"

Alipoueleza Tübingen tarehe 3 Novemba 1906, mbele ya madaktari wa akili wa kusini-magharibi mwa Ujerumani, hakuna aliyeuliza swali. Jina lilitolewa na Kraepelin mwaka 1910 katika toleo la nane la kitabu chake cha kiada. Sababu za kuharakisha kutoa jina bado zinabishaniwa, na ushindani na maabara ya Prague, alikokuwa Fischer, hutajwa mara nyingi. Alzheimer mwenyewe alisita: mwaka 1911, akimweleza mgonjwa wa pili, Johann F., aliandika kwamba haoni msingi wa kutosha wa kuuhesabu ugonjwa huu kuwa tofauti na ule wa wazee. Ubongo wa Johann ulikuwa na madoa tele, mafundo hakuna.

"Waafrika hawamo katika historia hii"

Solomon Carter Fuller alizaliwa Monrovia, Liberia, mwaka 1872, akasomea udaktari Boston, na mwaka 1904 hadi 1905 alifanya kazi katika maabara ya Alzheimer Munich. Mwaka 1912 alichapisha mapitio ya wagonjwa wote waliojulikana hadi hapo, pamoja na tafsiri ya kazi ya Alzheimer kwa Kiingereza. Lakini siku hizi wapo wanaomzidishia, eti alikuwepo ubongo wa Auguste ulipochunguzwa. Tarehe zinakataa: Auguste alifariki mwaka 1906. Sifa zake za kweli zinamtosha.

"Naye alikufa kwa ugonjwa huohuo"

Alifia Breslau, leo Wrocław ya Poland, tarehe 19 Desemba 1915, kwa maradhi ya moyo na figo. Alikuwa na miaka 51, umri wa Auguste siku ile aliyolazwa.

"Leo tunajua kwa hakika Auguste aliugua kwa nini"

Madoa na mafundo yapo: zaidi ya slaidi 250 zilizopatikana Munich zimepimwa upya na kuthibitisha. Chanzo ndicho chenye utata. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kwamba wamepata mabadiliko katika jeni ya PSEN1, ambayo huleta ugonjwa mapema na kurithiwa. Mwaka 2014 kundi jingine lilipima tishu zake na halikuyaona. Vinasaba vilivyokaa karne nzima chini ya kioo hukatikakatika na huchafuliwa kirahisi na vya aliyevishika, kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "jeni ya Auguste imepatikana", tazama kwanza ni makala ya mwaka gani.