Choghadiya ya Ahmedabad si ya Dar es Salaam

Kila msimu wa harusi na wa kufungua maduka nasikia kwa Wahindu wa hapa Tanzania neno lile lile: "Pandit (kuhani) wa nyumbani India ametuma saa njema kutoka Ahmedabad, sisi tunatoa saa mbili na nusu tu." Hapana, jamani! Saa mbili na nusu ni tofauti ya saa za ukutani. Choghadiya, yaani mgawanyo wa siku katika vipindi vyema na vibaya, huanza jua linapochomoza pale pale ulipo, na mchana wa hapo ndio unaogawanywa mafungu manane.

Chukua Jumatatu, 22 Juni 2026. Ahmedabad jua linachomoza kama saa 11:55 alfajiri, na kila fungu lina karibu dakika 101. Shubh, fungu la tatu na lililo jema, inaangukia saa 3:18 hadi 4:59 asubuhi. Ukitoa saa mbili na nusu unapata 12:48 hadi 2:29. Dar es Salaam siku hiyo jua linachomoza saa 12:33 hivi na fungu ni dakika 88. Amrit, fungu la kwanza, inaisha saa 2:01, Kaal, fungu baya, inashika mpaka 3:29, ndipo Shubh inaingia. Anayekata utepe saa 2:10 akidhani yumo ndani ya Shubh, yumo ndani ya Kaal. Familia imefunga saumu, imepamba maua, imealika wazee, kisha inaanzia kwenye muda ule ule iliokuwa inaukwepa. Inaniuma. Hata Mwanza, siku hiyo jua linachomoza takriban dakika 18 baada ya Dar, kwa hiyo ukija kuomba muhurta (saa njema) nitajie mji mtakaosimamisha mandap (banda la harusi). Mji wa babu yako hausaidii hesabu.

Kinachotolewa saa mbili na nusu ni mwisho wa tithi (siku ya kalenda ya mwezi), kwa kuwa Mwezi huliacha Jua nyuzi 12 nyingine kwa wakati mmoja dunia nzima. Hata hapo, sikukuu huamuliwa na jua la mahali. Mwaka 2024 Amavasya (tithi ya giza, Mwezi usipoonekana) ya Diwali, sikukuu ya taa, iliisha 1 Novemba, saa 12:16 jioni ya India. Ahmedabad jua lilizama ikiwa bado ipo, kwa hiyo jioni mbili zilikuwa na Amavasya, na India nzima ikabishana kati ya tarehe 31 na 1. Kwetu iliisha saa 9:46 alasiri. Jioni yenye Amavasya ilikuwa moja tu, ya 31 Oktoba.

Wengine huniambia: "Kalenda imeruka tithi, wamekosea kuchapa." Hawajakosea. Tithi huchukua kati ya saa 19 na 26 hivi, na siku hupewa tithi iliyopo jua linapochomoza. Ikianza na kuisha kati ya macheo mawili, haipati siku.

Au: "Ni kalenda ya mwezi, ipo siku Diwali itafika Juni." Hiyo ni hesabu ya Hijria. Sisi huingiza mwezi wa ziada, kwa wastani kila baada ya miezi 32 au 33. Mwaka 2026 mwezi huo ni Jyeshtha, 17 Mei hadi 15 Juni, na harusi hazifungwi humo hata kama ukumbi umepatikana kwa bei rahisi.